Ukuta umepanda, ruhusa haipo

Kiangazi kimeingia na mji wetu wa Bukavu umegeuka shantie. Kutoka Panzi mpaka Bagira unakuta mchanga umemwagwa katikati ya avenyu, vijana wanapandisha matofali kwenye njia ambazo hata pikipiki haipiti, fundi masoni anapiga kelele kuomba maji. Kila mtu anakimbizana na mvua ya Septemba. Ni miezi ambayo zamu ya likelemba inamfikia mama, mtoto aliye mbali anatuma kidogo, na mama anasema moyoni: mwaka huu lazima chumba kiongezeke.

Ni miezi pia ambayo swali moja linarudi kwenye kila kikao chetu. Wamama hawatuulizi namna ya kuomba ruhusa kabla ya kuanza kujenga. Hilo lingekuwa jepesi. Wanauliza hivi: tumekwisha kuanza, ukuta umefika kifuani, karatasi hatuna, na watu wameanza kupita na kuangalia. Tufanye nini?

Jibu fupi tunalitoa hapa hapa: simamisha kazi leo, na uende mwenyewe ofisini kabla ofisi haijaja kwako. Jibu refu lina mambo ambayo wengi wetu tunayakuta tukiwa katikati ya safari, na kubwa kati ya hayo si ukuta. Ni jina lililoandikwa kwenye karatasi ya kiwanja.

Kuongeza chumba nako ni kujenga

Wengi wanaamini ruhusa ni ya nyumba mpya, ya tajiri anayepandisha ghorofa nne kando ya ziwa. Sivyo. Sheria ya miji nchini kwetu inatoka mbali, kwenye dekreti ya tarehe 20 Juni 1957, wakati wa Wabelgiji, na mwaka 2013 wizara ilitoa areti ya kupanga upya namna ruhusa ya kujenga inavyotolewa. Fikra imebaki ileile: anayejenga, anayejenga upya, anayebadilisha nyumba au anayebomoa, anatakiwa kuwa na karatasi kwanza. Kwa hiyo jiko linalogeuzwa kuwa vyumba viwili vya kupangisha linahusika. Butiki inayofunguliwa kwa kutoboa ukuta wa upande wa barabara inahusika. Kutoa mbao na kuweka matofali, kuongeza ghorofa, kuzungusha kiwanja kwa ukuta, kujenga ukuta wa kushikilia udongo wa mlima, yote yamo. Kupaka rangi, kuziba bati linalovuja au kubadili mlango ulioliwa na mchwa ni matunzo ya nyumba tu. Hayo hayana haja ya dosye.

Katika karatasi za Kifaransa mtaona majina mawili, autorisation de bâtir na permis de construire. La kwanza ni la zamani na makarani wengi bado wanalitumia. Msifikiri ni karatasi mbili, mkalipishwa mara mbili.

Tunasikia pia neno hili: shefu wa avenyu ananijua, aliniambia nijenge. Shefu wa avenyu tunamheshimu, ndiye anayetupatanisha tukigombea mfereji. Lakini neno lake si ruhusa ya kujenga, hata akiliandika na kulipigia muhuri. Anaweza kushuhudia kwamba unaishi pale na tangu lini. Ushuhuda huo ni wa maana, utautumia. Ruhusa yenyewe inatafutwa kwenye ofisi ya Urbanisme.

Yaliyompata mama wa Kadutu

Mama mmoja wa kundi letu anauza sambaza sokoni Kadutu. Jina lake tunalihifadhi kwa ombi lake; ametukubalia tusimulie mengine yote. Ni mjane, ana watoto watano, na nyuma ya nyumba alikuwa na jiko la mbao. Alitaka alivunje, ajenge vyumba viwili vya matofali, kimoja cha binti zake na kimoja cha kupangisha, ili kodi ya chumba ilipe shule. Alinunua matofali kidogo kidogo kwa miaka miwili. Alipoanza, alianza kwa haraka, maana simenti ikikaa kwenye unyevu inakuwa jiwe.

Juma la tatu walifika wanaume wawili wenye karatasi mkononi.

"Mama, nani alikuruhusu?"

"Baba, hii si nyumba. Ni jiko langu tu."

Wakaangalia misingi miwili, wakacheka, wakasema watarudi na barua ya kusimamisha kazi, isipokuwa mama atafute ya maji. Mama akatafuta. Juma lililofuata wakaja wengine, nao wakasema wale wa kwanza hawawajui. Mama akatafuta tena. Mara ya tatu alikopa kwa jirani. Hakuna siku aliyopewa hata kipande cha karatasi, na kwa kuwa hakuna karatasi, kila aliyekuja alimkuta kama mtu asiyewahi kulipa chochote. Mara ya nne hawakuomba kitu. Walichora msalaba mwekundu ukutani na kuondoka.

Alipotufikia tulikaa naye tukahesabu. Ile ya maji ya mara tatu ingetosha kumlipa mchoraji wa plani na kopi zote za dosye, na ingebaki. Hatumlaumu. Mama akiwa peke yake mbele ya wanaume wawili, watoto wanachungulia dirishani, anatoa alichonacho ili waondoke. Ndiyo maana siku hizi mama wa kundi letu akianza kujenga, wawili wetu wanajua namba ya avenyu yake, na akija mtu kuuliza, anaitwa mwenzake kwanza. Ajenti wa kweli ana orodre de misyo yenye jina lake na tarehe, na haoni haya kuionyesha. Muulizeni kwa heshima: "Baba, tuonyeshe karatasi ya kazi yako tuandike jina." Wengi wa wale wasio wa kweli hukumbuka ghafla kwamba wana kazi kwingine.

Basi tulimsindikiza ofisini, wamama watatu. Tulipokelewa vizuri kuliko tulivyotegemea. Karani hakutaja faini kwanza, wala kubomoa. Aliuliza kitu kimoja: "Karatasi ya kiwanja iko wapi?"

Mama akafungua mfuko wa plastiki, akatoa karatasi ya kuuziana, imekunjwa mara nne, imeanza kuchanika mikunjoni. Karani akasoma, akainua macho. "Mama, huyu aliyenunua ni nani?" Alikuwa baba mkwe, aliyefariki kabla hata ya mume. "Ruhusa haiwezi kutoka kwa jina lako wakati kiwanja ni cha mwingine."

Sote watatu tulikaa kimya. Miaka miwili ya sambaza ilikuwa imesimama juu ya udongo ambao kwa karatasi ni wa baba mkwe, na nyuma ya baba mkwe kuna shemeji wanne. Ule msalaba mwekundu ulionekana mdogo.

Jina lililo kwenye karatasi

Hapa tunaomba msome polepole, kwa sababu ndipo wamama wengi wanapoanguka.

Kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia. Haki hiyo inathibitishwa na karatasi moja kubwa, certificat d'enregistrement, inayotolewa na konservateri wa titre za viwanja. Kabla ya kuipata, mtu huanza na kontra de lokasyo, ya muda usiozidi miaka 3, na katika muda huo anatakiwa kukiendeleza kiwanja. Chini ya hizo mbili kuna karatasi ndogo nyingi: ya kuuziana, fishi ya kiwanja kutoka kartie, ushuhuda wa shefu. Hizo ndogo zinaonyesha ulivyofika pale na nani alikuuzia. Msizitupe hata siku moja. Lakini hazina nguvu ya ile kubwa, na anayedhani karatasi ya kuuziana imemaliza mambo, siku ya kesi atashangaa.

Ofisi pia ni mbili, na watu wanazichanganya. Kadastri na titre za viwanja wanasema kiwanja ni cha nani, kinaanzia wapi na kuishia wapi, wanapima na kuweka mipaka. Urbanisme wanasema juu ya kiwanja hicho unaweza kujenga nini. Ukienda kwa wa pili bila kupita kwa wa kwanza, unarudishwa. Wengi wamezunguka miezi kati ya ofisi hizo mbili wakidhani wanachezewa, kumbe swali liko mahali pengine.

Sasa sisi wamama. Tujiulize leo jioni, kabla ya kulala: karatasi ya nyumba ninayolala iko kwa jina la nani? Si kwa ugomvi. Mwulize baba watoto kama unavyomwuliza chumvi iko wapi. Tulipoulizana kwenye kikao, wengi hawakujua. Wachache walijua na jina halikuwa la mume wala lao: la kaka mkubwa wa mume, la rafiki aliyenunua kwa niaba yao, la mwuzaji wa zamani ambaye mtu hajui kama yu hai.

Kwa walioolewa, Kodi ya Familia ya 1987 ilirekebishwa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Zamani mke alihitaji ruhusa ya mume ili aingie katika jambo la kisheria. Hiyo imeondolewa, sasa mume na mke wanatakiwa kukubaliana. Na kama siku ya ndoa hamkuchagua mpango wa mali, sheria inawahesabia kwamba mali mliyoipata pamoja ndani ya ndoa ni ya wote wawili. Hivyo hakuna kinachokataza majina yenu mawili kuandikwa kwenye kontra na kwenye ruhusa ya kujenga. Kinachozuia mara nyingi ni kwamba hakuna aliyelisema. Tunaongeza neno moja gumu: sheria hiyo inawalinda waliofunga ndoa inayojulikana ofisini. Mahari ikitolewa, ngoma zikapigwa, lakini hakuna aliyekwenda etasivili kuandikisha, mama anasimama mbele ya karani akiwa na watoto na hana karatasi.

Kwa mjane, sheria inamwachia haki ya kutumia nyumba aliyoishi na mumewe. Watoto, wa kike na wa kiume, ndio warithi wa kwanza. Shemeji hawako mbele ya watoto, hata wakija na sauti kubwa. Lakini haki hii haitembei peke yake mpaka kwenye faili la kiwanja. Inatakiwa kikao cha familia, maandishi ya kikao yenye sahihi, na pale wanaposhindwa kuelewana, tribinale de pe. Ndipo jina linabadilishwa kwenye karatasi.

Mama wa Kadutu alihitaji vikao vinne. Kwenye cha kwanza shemeji wa pili alisema kiwanja ni cha ukoo na aliyejenga bila kuuliza amejenga kwa hasara yake. Cha pili hakikufanyika, walikuja wawili tu. Kwenye cha tatu alisimama wifi, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke asiyejulikana kwa kusema mengi. Akauliza kaka zake mmoja mmoja: "Wewe ulileta tofali ngapi? Na wewe?" Hakuna aliyejibu. Kwenye cha nne waliandika kwamba sehemu ya nyuma, yenye vyumba viwili, ni fungu la watoto wa marehemu ndugu yao, na mama yao anaisimamia. Wote walitia sahihi, wifi akiwa shahidi wa kwanza.

Tunajua si kila familia ina wifi kama yule. Palipokuwa na ugomvi mkali tumemwelekeza mama kwa mwanasheria, na mara mbili tulimpeleka kwa padri au mchungaji kwanza, kwa sababu shemeji walimwogopa yeye kuliko hakimu.

Dosye yenyewe

Jina likishakaa mahali pake, mengine ni mwendo tu. Barua ya kuomba inaandikwa kwa Kifaransa. Tafuteni kijana wa shule awasaidie, lakini msome naye neno kwa neno kabla ya sahihi. Semeni ukweli ndani yake: kazi imeanza, imefika hapa, imesimamishwa tarehe hii, na tunaomba régularisation. Kuna wanaoshauri mama aandike kama hajaanza. Shauri baya. Ajenti atafika kiwanjani, ataona ukuta, na kuanzia hapo hataamini neno lingine lolote katika dosye hiyo. Pigeni foto za ukuta pande zote siku mnayosimamisha kazi, na siku hiyo mwambieni fundi aondoe vyombo vyake. Fundi akiendelea kujenga usiku, barua yenu inakuwa uongo.

Pamoja na barua kunawekwa kopi ya karatasi ya kiwanja, kopi ya kitambulisho (kadi ya uchaguzi inatosha kwa wengi wetu), plani ya nyumba kama ilivyo na ya sehemu inayoongezwa, mchoro wa kuonyesha kiwanja kiko wapi katika avenyu, na devi ya gharama. Plani ndiyo inayowatisha wamama. Msikubali ile inayouzwa tayari imechorwa, ya nyumba ya mtu mwingine. Mchoraji lazima afike, apime, aone maji yanapita wapi mvua ikinyesha. Tumeona plani ya kiwanja tambarare iliyopelekwa kwa nyumba ya Funu, ambako kutoka mlangoni mpaka chooni unashuka kama ngazi. Ilirudishwa siku hiyohiyo, na pesa ya mchoraji ilipotea.

Dosye ipelekwe kwa nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili inapigwa muhuri na tarehe ya kupokelewa na kurudi nayo nyumbani. Nakala hiyo yenye muhuri si ruhusa na haikuruhusu kuendelea, lakini akija mtu na rangi nyekundu, unayo kitu cha kumwonyesha: nimekwisha kujitangaza mwenyewe. Baadaye wanakuja kupima na kuandika waliyoyaona. Uwepo siku hiyo, au awepo mtu mzima anayekiijua kiwanja. Mwisho unapewa noti de perseption yenye kiasi cha kulipa, na ndani yake, kwa aliyeanza bila ruhusa, kunaweza kuwa na faini. Pesa hiyo inalipwa benki, na karatasi ya benki inarudishwa ofisini. Hailipwi mkononi, wala kwa simu ya mtu, hata akiwa mpole namna gani. Kama kiasi kinakutisha, uliza kimehesabiwa vipi: eneo la mita ngapi, nyumba ya aina gani. Mama mmoja wa Bagira aliuliza hivyo na ikaonekana walihesabu nyumba nzima badala ya chumba kimoja kilichoongezwa. Walisahihisha pale pale.

Kisha kopi za kila kitu ziwekwe nyumba nyingine, kwa dada au kwa mama mwenzako. Nyumba za mbao za mji huu zinavyoungua, na avenyu zilivyobanana hata gari la zimamoto halifiki, karatasi iliyo chini ya godoro moja si karatasi ya kutegemea.

Pasipo na ruhusa

Tusidanganyane kwamba kila ukuta unaweza kupata ruhusa ya kuchelewa. Uliojengwa juu ya njia ya watu, juu ya bomba la REGIDESO, chini ya waya mkubwa wa SNEL, ndani ya mpaka wa jirani au katika korongo linalobeba maji ya mlima, huo hauokolewi na barua nzuri. Ofisi ikisema hapana hapo, mama asiende kutafuta ofisi nyingine itakayosema ndiyo. Atapata karatasi, na mvua haitaisoma.

Mji wetu umekaa juu ya miteremko, na udongo wake unatembea. Wa Cimpunda na Nyamugo hawahitaji kuelezwa. Wengi wao wameona ufa unaoanza kama uzi juu ya dirisha na baada ya masika mawili mkono unapita. Tarehe 3 Februari 2008 tetemeko lilituonyesha kuta zipi zilikuwa zimefungwa kwa chuma na zipi zilikuwa zimepangwa tu kama mizigo ya sokoni. Anayepima shantie yako anatakiwa kuangalia hayo: msingi umeingia kiasi gani, nguzo ziko wapi, kuna mkanda wa zege unaozunguka kuta juu ya milango, maji ya paa yanaangukia kwa nani. Kama hakuangalia, mwulizeni ninyi.

Kuna mama wa Panzi aliyetaka ghorofa moja tu juu ya nyumba ya zamani ya mumewe. Fundi alimwambia nyumba ni imara, matofali ya zamani ni mazuri kuliko ya leo. Nguzo za juu zilikuwa zimeshamwagwa. Alipokwenda kuomba ruhusa kwa kuchelewa, enjinia alichimba pembeni ya msingi na kukuta mawe yaliyopangwa bila simenti, mita isiyofika moja kwenda chini. Ghorofa iliondolewa. Mama alilia, na tulilia naye, maana ilikuwa pesa ya mtoto wake aliye Ubelgiji na mtoto hakuelewa kwa nini mama yake alikubali. Ila wapangaji wa chini, familia ya watu saba, bado wanaishi pale.

Neno kuhusu mikopo ya AVEC

Kwenye kundi letu tumebishana sana juu ya jambo hili, na ubishi haujaisha. Tumeamua kwamba mama anayeomba mkopo wa kujenga aonyeshe kwanza karatasi ya kiwanja, na jina lililo juu yake. Wengine walisema huko ni kuingilia nyumba ya mtu. Mmoja alisema wazi: mume wangu akijua mmesoma karatasi yake, nitakuwa na kesi mbili. Tunamwelewa. Lakini pesa ile ni ya wamama ishirini na tano, wamejinyima chumvi kuiweka, na hatuoni kwa nini ijenge nyumba ambayo kesho mkopaji anaweza kufukuzwa huku deni likibaki kwake. Kwa sasa uamuzi unasimama. Mama ambaye karatasi yake haijakaa sawa hanyimwi mkopo. Anapewa kwanza kiasi cha kutengeneza karatasi, na cha matofali kinamngojea.

Makundi mengine yanayosoma gazeti letu yakiwa na njia bora, yatuandikie. Tutaichapisha.

Mama wa Kadutu je? Maandishi ya kikao cha familia yamefika kwenye titre za viwanja, na dosye yake ya Urbanisme ilipigwa muhuri. Wapimaji walikuja asubuhi moja akiwa sokoni. Binti yake mkubwa aliwapokea, akaomba orodre de misyo kama alivyofundishwa, akaandika majina kwenye daftari la shule. Wamemtaka asogeze ukuta wa upande mmoja, kwa sababu maji ya bati lake yangeangukia mlangoni kwa jirani. Fundi anasema ni kazi ya siku mbili. Noti ya kulipia bado haijatoka. Matofali yaliyobaki ameyapanga kando na kuyafunika kwa turubai, na ukuta ameufunika kwa mabati ya jiko la zamani, maana juma lililopita mawingu yalionekana upande wa Kabare.